Kutoka Tume ya Bei hadi Tume ya Ushindani

Hadi mwaka 1984, mtu aliyepanda basi Iringa kwenda Dar es Salaam akiwa na mahindi yanayozidi kilo 30 alitakiwa awe na kibali. Kwenye vizuizi vya barabarani mizigo ilishushwa kutoka kwenye keria na viroba vikafunguliwa. Asiye na karatasi alihesabiwa mlanguzi, hata kama mahindi ameyalima mwenyewe na anampelekea dada yake Magomeni. Mnunuzi halali wa nafaka alikuwa mmoja tu: Shirika la Taifa la Usagishaji, lililojulikana zaidi kwa herufi zake tatu, NMC.

NMC ilinunua kwa bei moja nchi nzima. Mkulima wa Sumbawanga alilipwa sawasawa na wa Morogoro, ingawa gunia la Sumbawanga lilisafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja hadi mjini. Wakulima wa Rukwa na Ruvuma waliupenda mpango huo, na walikuwa na haki ya kuupenda, kwa sababu kabla yake hakuna mfanyabiashara aliyewafuata kwa bei ya maana. Mikoa ya kusini ikageuka ghala la mahindi. Huku mjini sembe iliuzwa kwa bei ambayo haikufidia gharama ya kuinunua na kuisafirisha.

Tofauti hiyo ililipwa na nani? Bajeti iliyosomwa Bungeni kila Juni ilionyesha sehemu ndogo tu. Sehemu kubwa ililala katika vitabu vya Benki ya Taifa ya Biashara, NBC, iliyoundwa mwaka 1967 baada ya Azimio la Arusha kwa kutaifisha mabenki ya kigeni. NMC ilikopa NBC kununua mazao, ikayauza kwa hasara, ikarudi kukopa tena msimu uliofuata. NBC haikuweza kukataa, maana mwenye NBC na mwenye NMC alikuwa mmoja, serikali. Nayo Benki Kuu haikuweza kuiacha NBC ikauke. Mwisho wa mnyororo huo zilichapwa noti, na noti zikazaa mfumuko wa bei uliozunguka asilimia 30 kwa mwaka kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1980. Mama aliyenunua sembe ya bei nafuu asubuhi alilipia tofauti yake jioni, kwenye sabuni na khanga, bila kupewa risiti.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha historia yote hii. Tumezoea kuisimulia kama ugomvi wa Ujamaa na soko, wa Mwalimu Nyerere, Rais wa wakati huo, na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Ugomvi ulikuwepo, na ulikuwa mkali. Lakini ukifuata hesabu badala ya hotuba, unachokiona ni gharama zinazohama kutoka mafichoni kwenda mafichoni.

Bei za bidhaa za viwandani zilikuwa mikononi mwa Tume ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Miaka ya mwisho ya 1970 tume hiyo ilikuwa ikipanga bei za bidhaa zaidi ya 2,000. Namna ilivyofanya kazi inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kiwanda kilipeleka hesabu ya gharama zake za uzalishaji, tume ikazipitia, kisha ikaongeza kiasi cha faida. Kwa hiyo kiwanda kilichopoteza malighafi, kilichojaza wafanyakazi wasio na kazi na chenye mashine zinazozimika nusu ya siku, kilipata bei ya juu kuliko kiwanda kilichobana matumizi. Na kwa kuwa mara nyingi kilikuwa peke yake nchini, hapakuwa na wa kukikosoa.

Utaratibu huo ulihimili miaka ya neema. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na fedha za kigeni zikajaa Benki Kuu mwaka 1976 na 1977. Masharti ya uagizaji yakalegezwa, na hazina hiyo ikaisha kabla 1978 haijaisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na Tanzania ikalazimika kuanzisha shirika lake la ndege, la reli, la posta. Oktoba 1978 Idi Amin wa Uganda akavamia Kagera. Majeshi ya Tanzania yaliiteka Kampala Aprili 1979, mwaka uleule mafuta yalipopanda bei kwa mara ya pili duniani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi miezi 18 ya kufunga mkanda. Wengi waliohesabu miezi hiyo wanakumbuka kuwa haikwisha kwa tarehe.

Waziri wa Fedha wakati huo alikuwa Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu. Alijadiliana na ujumbe wa IMF uliotaka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe, naye akaona kuna la kuzungumza. Mwalimu hakuliona. Mwishoni mwa 1979 Mtei akajiuzulu, jambo ambalo mawaziri wa enzi ile hawakulizoea. Siku ya mwaka mpya 1980, akiwahutubia mabalozi, Mwalimu akahoji ni lini IMF ilifanywa wizara ya fedha ya dunia. Lilikuwa swali zuri, na nchi nyingi maskini zililipigia makofi. Mtei baadaye alikwenda Washington kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa IMF hiyohiyo, akiziwakilisha nchi za Afrika. Amir Jamal akarudi Hazina, akapata mkataba wa muda na IMF mwaka 1980, na mkataba huo ukavunjika ndani ya miezi michache kwa sababu serikali ilivuka kiwango cha kukopa benki. Chunguza kilichouvunja: ni mikopo ya benki, lile shimo ambalo hotuba ya bajeti haikulitaja.

Miaka minne iliyofuata ndiyo ambayo wazee wa mjini hawaisahau. Duka la kaya, foleni, kadi, kilo moja ya sukari kwa familia, unga wa njano wa msaada. Kilichokosekana dukani kilipatikana mlango wa nyuma kwa bei ya kuruka. Serikali ilijaribu mipango yake yenyewe ya kunusuru uchumi, wa 1981 na wa 1982, ambayo ilitegemea misaada isiyokuja.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Nyumba zikapekuliwa, maghala yakafunguliwa, wafanyabiashara na maofisa wakawekwa ndani. Wapo waliotupa sabuni na vitenge usiku wasije wakakutwa navyo. Watu walimpenda Sokoine, na wanampenda hadi leo, kwa sababu aliwagusa wakubwa. Lakini msako ulikamata bidhaa zilizokuwepo. Haukuzalisha hata mche mmoja wa sabuni, na miezi michache baadaye maduka yalikuwa matupu kuliko mwanzo. Mwaka huohuo, kimyakimya, serikali iliruhusu mabasi ya watu binafsi jijini Dar es Salaam, ambako shirika la umma la mabasi, UDA, lilikuwa peke yake na mabasi yake mengi yakiwa juu ya mawe. Daladala zikaingia barabarani. Mkono wa kulia ulikuwa unafunga walanguzi, wa kushoto unawapa leseni.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili 12, 1984. Miezi miwili baadaye Waziri wa Fedha, Cleopa Msuya, alisoma bajeti ambayo kwa maoni yangu ni muhimu kuliko mkataba wowote uliosainiwa na IMF baadaye. Shilingi ilishushwa kutoka takribani 12 hadi 17 kwa dola. Ruzuku ya sembe ikaondolewa. Bei za bidhaa nyingi zikatolewa mikononi mwa Tume ya Bei. Kiwango cha nafaka cha kusafirisha bila kibali kikapanda kutoka kilo 30 hadi kilo 500. Na likawekwa jambo dogo kwa maneno, kubwa kwa matokeo: mwenye fedha zake za kigeni aruhusiwe kuagiza bidhaa kutoka nje bila kuulizwa amezipata wapi.

Tafakari nafasi ya mfanyabiashara aliyekuwa rumande mwaka 1983 kwa kuficha dola. Mwaka mmoja baadaye dola zilezile zilikuwa zinakaribishwa bandarini. Hakuna aliyemwomba radhi, wala yeye hakuomba. Bidhaa zikaanza kuonekana madukani, kwa bei ambazo mfanyakazi wa kima cha chini alizitazama tu. Zanzibar, ambako bei ya karafuu ilikuwa imeporomoka, ilikuwa imefungua milango ya biashara mwaka huohuo chini ya Rais wake, Ali Hassan Mwinyi.

Mwinyi akawa Rais wa Muungano Novemba 1985. Mwaka uliofuata shilingi ilishushwa hadi 40 kwa dola, na Agosti 1986 mkataba na IMF ukatiwa saini. Vibali vya nafaka vikafutwa mwaka 1987. Wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa, na hapo wengi humalizia hadithi. Tatizo ni kwamba ruksa ilihusu kuuza na kununua. Haikuhusu hesabu za serikali. Mashirika ya umma takribani 400 yaliendelea kukopa NBC. Mkulima wa Sumbawanga akagundua kuwa bei moja ya nchi nzima imekwenda na hakuna lori binafsi lililokuwa na haraka ya kumfikia. Gharama ya ule umbali sasa ilikuwa yake.

Pale ruzuku ilipozibwa, msamaha wa kodi ulifunguka. Miaka ya mwanzo ya 1990 bidhaa ziliingia bandarini kwa wingi, lakini makusanyo ya forodha hayakufanana na wingi huo. Waliopata barua ya msamaha hawakulipa. Walioagiza bidhaa zilezile bila barua walishindwa kuuza. Ni ruzuku kama zile za zamani, tofauti ni kwamba haikuandikwa mahali popote kama matumizi, na ilimwangusha mshindani palepale. Novemba 1994 wahisani, wakilalamikia misamaha hiyo, wakasimamisha misaada, na mwezi uliofuata Hazina ikapewa waziri mpya, Jakaya Kikwete. Jopo lililoongozwa na profesa Gerald Helleiner wa Kanada likaandika mwaka 1995 ripoti ambayo haikuwabembeleza wahisani wala serikali.

Benjamin Mkapa aliapishwa Novemba 1995. Januari 1996 Hazina ilianza bajeti ya fedha taslimu: wizara zinapewa kila mwezi kulingana na kilichokusanywa, na kisichokusanywa hakitumiki. Dawa hii haikuwa ya Tanzania peke yake. Uganda iliianza mwaka 1992, baada ya Rais Museveni kuunganisha wizara ya fedha na ya mipango na kumweka Emmanuel Tumusiime-Mutebile kuwa katibu mkuu. Zambia ikaifuata mwaka 1993. Kote mfumuko wa bei ulishuka. Wa Tanzania, uliokuwa zaidi ya asilimia 25 mwaka 1995, ulikuwa chini ya 10 mwaka 1999. Mamlaka ya Mapato, TRA, ikafungua milango Julai 1, 1996, na VAT ikaanza miaka miwili baadaye.

Lakini gharama ina miguu. Ofisa wa wilaya aliyenyimwa fedha za mwezi hakuacha kuendesha gari. Alifungua kitabu cha LPO, yaani hati za manunuzi ya serikali, akaandika kwa mkono agizo la dizeli, akagonga muhuri, na mwenye kituo cha mafuta akapokea karatasi badala ya fedha. Magereza yalichukua unga na maharage kwa mtindo huohuo, na ankara za umeme na maji za ofisi za serikali zikalala kwenye majalada. Kwenye vitabu vya Hazina nakisi ilipungua. Kwenye droo za wazabuni iliongezeka. Mwenye kuuza kwa serikali akajifunza kupandisha bei mapema, kufidia miaka atakayozungushwa. Ndiyo maana mwaka 1998 uliletwa mfumo wa kompyuta uliokataa kutoa LPO kama kasma haina fedha. Sina hakika kama kuna hotuba yoyote ya miaka ile iliyobadilisha nidhamu ya serikali kuliko mashine hiyo.

Uganda ilipata somo lingine. Mwaka 1996 watafiti walikwenda kwenye shule za msingi 250 kuuliza ruzuku ya kila mwanafunzi iliyotengwa na serikali kuu ilifika kiasi gani. Kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, ilifika asilimia 13. Bajeti ya Kampala ilikuwa safi, fedha zilitoka kweli, zikapotelea wilayani. Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na shule zikaamriwa kubandika ubaoni kiasi kilichopokelewa. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wapo wanaobishana kiasi gani cha mafanikio hayo ni cha magazeti na kiasi gani ni cha ukaguzi. Mimi naona mwalimu mkuu anayejua kiasi alichotumiwa ni mtu mgumu kudanganya.

Na ushindani? Hapa ndipo mambo yalipokwenda kinyumenyume. Mashirika ya umma yaliuzwa kwanza. Kampuni ya Bia, TBL, iliingia mikononi mwa South African Breweries mwaka 1993. Kiwanda cha sigara kikafuata. Sheria ya kwanza ya kuzuia ukiritimba ilipita Bungeni mwaka 1994, ikasimamiwa na kitengo ndani ya wizara kisicho na watu wala meno. Kenya ilitangulia, sheria yake ni ya 1988, lakini tume yake ilikuwa idara ndani ya Wizara ya Fedha, na waziri ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Bia inatuonyesha matokeo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 makampuni makubwa mawili yalivamiana. East African Breweries ya Kenya ilikuja Moshi na kiwanda cha Kibo. Waafrika Kusini wakajenga Thika na kumwaga bia ya Castle Kenya. Mnywaji alineemeka kwa muda: bei zilibanwa, matangazo yalitapakaa, wenye baa walibembelezwa kwa majokofu na rangi mpya ukutani. Mwaka 2002 wakubwa wakachoka kupigana. Kiwanda cha Thika kikafungwa, cha Moshi kikafungwa, na kila upande ukachukua asilimia 20 ya hisa katika biashara ya mwenzake. Kenya ikabaki ya mmoja, Tanzania ya mwingine. Hakuna serikali iliyouzuia mpango huo. Kwa mnywaji, tofauti kati ya ukiritimba ulioundwa na Azimio na ule uliokubaliwa na mahasimu wawili ilikuwa lebo kwenye chupa.

Bunge la Tanzania likapitisha Sheria ya Ushindani namba 8 ya mwaka 2003, iliyounda Tume ya Ushindani, FCC, na Baraza la Ushindani la kusikiliza rufaa. Tume ilianza kazi mwaka 2007. Wananchi wengi wanaifahamu kwa kuteketeza bidhaa bandia, simu na wino wa kompyuta, kazi ambayo ni rahisi kupigwa picha. Kazi ngumu zaidi ilikuja mwaka 2010, East African Breweries ilipotaka kununua asilimia 51 ya kampuni ya bia ya Serengeti, mshindani pekee wa maana aliyebaki wa TBL. Tume iliruhusu kwa sharti: mnunuzi aziuze zile hisa zake za TBL, kwani huwezi kuwa mshindani wa kampuni ambayo unakula gawio lake. Ziliuzwa mwaka 2011 kupitia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kosa la 2002 likarekebishwa baada ya miaka tisa.

Kwenye mafuta upangaji wa bei ulirudi kwa jina jingine. Biashara hiyo ilifunguliwa mwaka 2000. Mwaka 2008 pipa lilipaa hadi dola 147, kisha likaanguka, lakini vituoni bei ilishuka kwa kusuasua. Januari 2009 mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, ikaanza kutangaza bei kikomo, na Kenya ikafanya hivyohivyo Desemba 2010. Kanuni ya EWURA iko wazi: bei ya soko la dunia, usafiri wa meli, kodi, faida ya muuzaji, umbali hadi kituoni. Tume ya Bei ya 1973 haikuwahi kumwonyesha mwananchi hesabu kama hiyo. Serikali ilipotaka kumpunguzia mlaji makali mwaka 2022, ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, kiasi kikiwa mezani kila mtu akione na akibishie.

Mtihani mkubwa wa sheria ya 2003 ukaja kwa saruji. Mwaka 2021 Scancem, kampuni yenye kiwanda cha Twiga cha Wazo Hill, ilikubaliana kununua asilimia 68 ya Tanga Cement. Sheria wakati huo ilisema muungano unaozaa kampuni inayotawala soko kwa sehemu inayozidi asilimia 35 haukubaliki bila msamaha maalumu. FCC iliruhusu mwaka 2022. Wapinzani wakakata rufaa, na Septemba mwaka huo Baraza likaubatilisha uamuzi huo. Wabunge wakagawanyika. Waliotetea walisema Tanga inakufa na inahitaji mtaji. Waliopinga walisema fundi wa Handeni atabaki na mfuko wa saruji wa mwenye kiwanda mmoja. Ombi lilirudishwa upya, Scancem ikapata hisa hizo mwishoni mwa 2023, na muda si mrefu ikaziuza nyingi kwa Amsons, kampuni ya Watanzania. Viwanda viwili vikabaki na wenyewe wawili.